Majibu yalisema tezi imechachamaa, mgonjwa hana dalili: kisa cha mashine ya mwanga na vidonge vya nywele

Nimekaa na kisa hiki miezi kadhaa najiuliza niandike au niache, maana majibu yale yalitoka kwenye benchi langu na niliyasaini mimi mwenyewe. Naandika. Hospitali sitaitaja, mtu sitamtaja, jueni tu ni hapahapa Mtwara mjini na mimi ni mtu wa maabara.

Mgonjwa ni dada wa miaka 31, anakaa Mikindani, anauza vitenge na madira, mtoto wake wa pili ana miezi mitano na bado ananyonya. Alienda kwa dokta kwa sababu ya uchovu, anasema ikifika saa nne asubuhi tu mwili umeisha kabisa, usiku halali vizuri, na nywele zinatoka kwa mafungu akichana. Dokta akaandika wingi wa damu, sukari na homoni za tezi ya shingo. Sukari ilikuwa nzuri, damu 10.1, yaani imepungua kidogo, ila homoni ndo zilizotushtua. TSH 0.08 wakati kawaida ya mashine yetu ni 0.27 mpaka 4.2, na T4 huru 34 wakati kawaida ni 12 mpaka 22.

Kwa ambaye hajui, TSH ni amri inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kwenda tezi ya shingo, inaiambia toa homoni, na T4 ni mojawapo ya homoni hizo. Homoni zikizidi mwilini amri inapunguzwa. Kwaiyo ukiona TSH iko chini kabisa na T4 iko juu kwa kawaida unasoma kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi. Na huyu ni mama aliyejifungua miezi mitano iliyopita, tezi kuvurugika baada ya uzazi ni jambo linalojulikana kabisa, kwaiyo dokta hakukurupuka, karatasi yetu ilimwonyesha ugonjwa na yeye akautibu, akaandika kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi.

Aliyesimamisha gari ni dada yake mkubwa. Si mtu wa hospitali, ni mkulima wa korosho Tandahimba, alikuja mjini kumsaidia kulea. Alivyoambiwa jina la ugonjwa akasema, na maneno haya nimeyapata kwa mwenyewe: "Shangazi yetu alikuwa na ugonjwa huo, mimi ndo nilimuuguza. Alikonda akabaki mifupa, macho yakatoka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai anamwaga. Huyu mdogo wangu toka ajifungue kanenepa, huo ugonjwa gani unaonenepesha mtu?" Akamzuia asimeze hata kidonge kimoja, hasa kwa vile ananyonyesha, wakarudi wote wawili na mtoto mgongoni.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu watu wengi tunapapita haraka. Yule dada mkubwa hakubishana na hospitali kwa ujuaji, alikuwa na ugonjwa mzima kichwani mwake, ameuona kwa macho mwaka mzima, na akaulinganisha na mtu aliyekaa mbele yake. Hicho ndo kitu ambacho sisi tuliokaa na karatasi hatukukifanya. Dokta alimsikiliza, na nampa heshima yake kwa hilo, akampima upya taratibu: mapigo ya moyo 72, mikono imetulia hata ilivyowekwa karatasi juu ya vidole, shingo haina rovu, macho kawaida, uzito umepanda kilo nne. Akanipigia. "Majibu yako na mgonjwa wangu haviendani, rudia."

Nikarudia. Damu mpya, tyubu mpya, kesho yake saa tatu asubuhi. TSH 0.07, T4 huru 36.

Nikaangalia kontroli za asubuhi ile, yaani sampuli ambazo jibu lake tunalijua tayari, zote mbili zimekaa katikati. Kalibresheni, yaani kuiweka mashine sawa, haijapita muda. Riejenti, kemikali za kupimia, haijaisha muda wake, friji joto lake linasoma vizuri, na wagonjwa wengine wa siku ile majibu yao yanaeleweka. Hapo ndo kosa langu la pili, maana nilimpigia dokta nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba mashine iko sawa na majibu ni yaleyale. Mashine kweli ilikuwa sawa. Ila kurudia kipimo kunakamata kosa la mashine, au la kuchanganya tyubu, au la mkono wako. Kama kitu kinachoharibu kipo ndani ya damu yenyewe ukirudia mara kumi utapata mara kumi jibu lilelile, na kila ukirudia unazidi kuliamini.

Dokta hakuridhika akasema basi njoo umuone. Nikatoka maabara nikaenda, kitu ambacho huwa hatufanyi. Nikamuuliza dada, kuna dawa yoyote unatumia? Hapana. Za uzazi wa mpango? Hapana. Za kienyeji, mizizi, chochote? Hapana kaka, situmii dawa yoyote. Mtoto akacheua, akafungua mkoba kutafuta kitambaa, akawa anatoa vitu anaweka mezani, pochi, nepi, chupa ya maji, kichupa cha plastiki cha zambarau. Nikakishika. Kwa mbele picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, pembeni maandishi madogo, biotini, ambayo ni aina ya vitamini, maikrogramu 10,000. Nikamuuliza na hivi? Akasema "Ah, hizo sio dawa, hizo za nywele."

Alikuwa hajadanganya. Kwake dawa ni kitu unachopewa ukiumwa. Hivi kauziwa na dada mmoja anayeuza vipodozi, kaambiwa ameze kimoja kwa siku, akaona nywele bado zinatoka akaongeza mwenyewe vikawa vitatu, anavimeza vyote saa moja asubuhi na uji kabla hajatoka. Damu tulikuwa tunamtoa saa tatu.

Sasa biotini inahusiana vipi na mashine ya homoni, hapa inabidi nieleze mashine inavyofanya kazi, na kusema kweli ni kitu kizuri sana ukikielewa.

Mashine hizi zinasoma mwanga unaozaliwa na umeme. Ndani kuna kiseli kidogo chenye elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, na kwenye damu ya mgonjwa tunakuwa tumeongeza antibodi, yaani protini za kukamata kile tunachokitafuta, zilizobebeshwa madini ya rutheniamu. Ukipitisha umeme kwenye elektrodi, rutheniamu inapoteza elektroni, na kemikali nyingine iliyopo kwenye maji yale, inaitwa tripropilamini, nayo inapoteza elektroni na kugeuka kuwa kitu chenye pupa ya kugawa elektroni nyingine, inamrudishia rutheniamu kwa nguvu kiasi kwamba rutheniamu inabaki imechangamka kupita kiasi, na ikitulia inatoa mwanga wa rangi ya machungwa kuelekea nyekundu. Alafu inakuwa tayari kuanza upya. Chembe moja inawaka, inazima, inawaka tena, mara nyingi mno, ndo maana unaweza kuona kitu kidogo sana ndani ya damu. Mwanga wa namna hii ulianza kuchunguzwa kwa kina miaka ya 1960, na wa rutheniamu ulielezwa mwaka 1972 na Allen Bard na mwenzake kule Chuo Kikuu cha Texas, Marekani.

Uzuri mwingine ni kwamba hakuna taa. Vipimo vingine unamulika sampuli kwa taa alafu unatafuta kamwanga kadogo kanakorudi katikati ya mwanga ulioumwaga mwenyewe. Hapa kiseli kiko kwenye giza totoro, chochote kinachowaka kimewaka kwa sababu umeme umekigusa. Ukikaa ufukweni Mikindani usiku usio na mbalamwezi unaziona karabai za wavuvi wa dagaa moja moja mbali kule, unaweza hata kuzihesabu, mchana taa hizohizo ziwashe zote huoni hata moja. Ndo hivyo.

Ila rutheniamu ikielea mbali na elektrodi haiwaki, lazima ivutwe karibu. Hapa ndo gundi inaingia. Kuna vipunje vidogo mno vya sumaku vimepakwa protini inaitwa streptavidini, na protini hii kila moja ina nafasi nne za kukamata biotini, ikikamata haiachii, mshikano wao ni kati ya ile yenye nguvu kuliko yote inayojulikana kwenye viumbe. Watengenezaji wakaona basi hii ni gundi safi. Wakachukua antibodi moja wakaifunga biotini kama mkia, antibodi nyingine wakaifunga rutheniamu. TSH ya mgonjwa inashikwa katikati na antibodi zote mbili, mkia wa biotini unakaa kwenye kipunje, sumaku inavuta kipunje kwenye elektrodi, maji yanapita yanaosha vyote vilivyobaki vinaelea, umeme unapita, mwanga unahesabiwa. TSH nyingi, mwanga mwingi.

Sasa mlete dada yetu na maikrogramu zake 30,000 asubuhi. Mama anayenyonyesha mwili wake unahitaji kama maikrogramu 35 kwa siku, na hizo anazipata kwenye mayai, maini na karanga bila kufikiria. Zilizozidi zinaelea kwenye damu, na damu ileile ndo nimeimimina kwenye mashine. Biotini ya vidonge inafika kwenye vipunje inakaa kwenye nafasi zote. Antibodi zilizobeba TSH zinakuja na mikia yao zinakuta benchi limejaa, maji yanapita yanaziosha zinaenda na uchafu. TSH ilikuwepo, rutheniamu ilikuwepo, ila hazikuwepo pale umeme ulipopita. Mwanga mdogo, na mashine kwa uaminifu wake wote inaandika TSH 0.08.

T4 huru ni ndogo mno, haiwezi kushikwa na antibodi mbili, kwaiyo kipimo chake kimegeuzwa, T4 ya mgonjwa inagombania antibodi na T4 ya kiwandani yenye mkia wa biotini, na hapo T4 ya mgonjwa ikiwa nyingi mwanga unapungua. Unaona kinachotokea? Biotini imeua mwanga vilevile, lakini kwenye kipimo hiki mwanga mdogo unasomwa kama homoni nyingi. Kitu kimoja kimeshusha TSH na kikapandisha T4, na mchoro unaotokea ni uleule wa ugonjwa wa kweli. Ingekuwa majibu yote mawili yameshuka ningeshtuka. Yalishirikiana kudanganya, na yakadanganya kwa mpangilio.

Hili jambo lilikuwa linajulikana. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari Novemba 2017, wakasema wamepokea taarifa ya mtu aliyefariki akiwa na majibu ya troponini yaliyosoma chini kwa uongo, alikuwa anatumia biotini kwa wingi. Troponini ni kipimo cha moyo, mtu akifika na maumivu ya kifua ndo tunachotegemea, na kinapimwa kwa njia ya kwanza, ile ya TSH, kwaiyo biotini inakishusha, na mtu mwenye moyo unaokufa anaambiwa rudi nyumbani. Mwaka huohuo watafiti walichukua watu 6 wazima kabisa wakawapa miligramu 10 kwa siku kwa wiki moja, na vipimo kadhaa vikayumba. Nilikuwa nimewahi kulisoma hili na likanipita, maana nilijiambia nani huku kwetu anakunywa biotini.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mwenzetu mmoja pale kazini akakubali kutoa damu, TSH yake ikasoma 1.8. Nikafungua kapsuli moja ya dada nikaimimina kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, nikatikisa muda mrefu, hapo kila mililita ina nanogramu 10,000. Nikachukua maikrolita 10 za maji yale nikaweka kwenye seramu, yaani maji ya damu, ya mwenzetu ikawa mililita moja kamili, yaani nanogramu 100 kwa mililita, nyingine nikaweka maikrolita 30, na ya tatu nikaweka maikrolita 30 za maji matupu nisije nikasingizia. Dakika 18 kusubiri. Ya maji matupu 1.7. Ya kwanza imeshuka chini ya 1. Ya pili 0.11. Mtu ni yuleyule, yuko pale amesimama nyuma yangu anakunywa soda, na kwenye kioo ana ugonjwa wa tezi. Tuliangaliana tu.

Tukamwambia dada aache vidonge siku tatu, asimeze hata kimoja, kabimazoli nayo ibaki kwenye pakiti. Figo zake nzima, biotini inatoka haraka kwa mkojo, mtu mwenye figo mbovu ningempa muda mrefu zaidi. Na ile damu ya pili iliyosoma 0.07 ilikuwa imebaki kwenye friza, tukaigawa tukaituma Dar kwa basi ndani ya kiboksi cha barafu, kwa maabara yenye mashine ya aina nyingine isiyotumia gundi ya biotini. Dar wakajibu kwanza: TSH 1.9, T4 huru 15. Tyubu ileile. Baada ya siku tatu akaja mwenyewe, mashine yetu ikasoma 2.1 na 15.6.

Uchovu wake ulikuwa ile damu 10.1 pamoja na mtoto wa miezi mitano asiyelala usiku, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Na nywele, kudondoka miezi mitatu minne baada ya kujifungua ni kawaida ya mwili, zilizokuwa zimeshikiliwa wakati wa mimba zinaachia pamoja, na zinarudi zenyewe. Biotini inamsaidia ambaye amepungukiwa nayo kweli, na hao ni wachache.

Nafikiria sana kabimazoli ile. Ni dawa nzuri kwa mwenye ugonjwa. Kwa asiye nao inaizima tezi nzima, na kuna watu inawaangushia chembe nyeupe za damu mpaka homa na koo tu inakuwa hatari. Na angeendelea na vidonge vya nywele, kila akija kupima TSH ingekuwa chini, T4 juu, na dozi ingeongezwa.

Baada ya hapo tulibadilisha vitu. Kwenye fomu yetu chini ya sehemu ya dawa tumeongeza kwa kalamu, sasa hivi imechapwa: vidonge vya nywele, kucha, ngozi au vitamini yoyote, mara ya mwisho lini. Neno dawa peke yake halitoshi, mtu atakujibu hapana na atakuwa mkweli. Riejenti za toleo jipya zinavumilia biotini nyingi zaidi, kwaiyo mnaofanya kazi hii fungueni karatasi inayokuja ndani ya boksi mwangalie kiwango kimeandikwa ngapi, kila kipimo na chake, msidhani mashine moja vipimo vyote viko sawa. Na wewe unayetumia hivi vidonge siku ya kupima mwambie anayekutoa damu, ata kama hajauliza. Sio tezi tu. Kipimo cha mimba cha damu, cha tezi dume, vyote vinaweza kushuka kwa njia hii, vitamini D na baadhi ya homoni za uzazi zinaweza kupanda.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja mwisho. Tulifungua rekodi za miezi sita nyuma tukatafuta wote wenye TSH chini na T4 juu kwa pamoja. Walikuwa saba. Watatu wanajulikana kliniki, wana rovu, wamekonda, ugonjwa wao ni wa kweli. Wanne hatukuwa na maelezo yao, tukaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuja, hatumii chochote, anaumwa kweli. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ni mama wa Masasi, alikuja na vidonge vya kucha kwenye kitambaa, kumbe kabimazoli kameza miezi miwili, na alivyoacha vyote viwili siku kadhaa TSH yake ikasoma 38. Uso umevimba, sauti nzito, baridi inamshika mchana wa Masasi. Dokta kasimamisha dawa, sasa anafuatiliwa na kila akija inashuka.

Wa nne ni binti wa miaka 24. Namba aliyoandika sasa hivi anapokea mtu mwingine, anasema laini hiyo kainunua mwezi wa nane. Kwenye fomu kijiji kimeandikwa, ni Newala huko ndani. Nimempa mhudumu wa afya wa kata ile jina na tarehe ya kipimo, akasema msimu wa korosho umeanza watu wako mashambani, ataenda nyumba kwa nyumba jioni wakirudi. Wiki ya pili hii, bado nasubiri.